Mwaka wa Kuhesabu Viambaza

Kombo alipofariki, wanawe walimtuma mtu kutoka pwani kuja kunichukua Morogoro, maana walisema Mzaramo hawezi kuzikwa hivi hivi bila mtani wa Kiluguru, na kati ya watani wa baba yao niliyebaki hai nilikuwa mimi. Kwa wasiozijua mila hizi nieleze kidogo. Waluguru na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, kukunyang'anya kofia njiani, kukwambia ukweli ambao ndugu yako ameumeza. Nawe huna ruhusa ya kukasirika. Siku ukifa, yeye ndiye anayeingia msibani kuigiza ulivyokuwa ukitembea na ulivyokuwa ukikohoa, mpaka wanaolia wacheke. Basi nilifika na magoti yangu mabovu, nikaketi uani mbele ya wafiwa, nikaomba ndoo ya maji, kikombe na mrija wa tete. Nikauchovya mrija kwenye kikombe, nikaliziba tundu la juu kwa kidole, kisha nikainama juu ya ndoo na kudondosha maji tone moja moja, huku nikinong'ona kwa sauti ya puani: "Lala, bibie, lala. Hakuna anayekukata."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Walimtambua baba yao papo hapo. Hata watoto wao, alisema mmoja, aliwalaza kwa maneno yale yale. Lakini vicheko vilipotulia, binti yake mkubwa alinisogelea, akaniamkia tena, akauliza, "Bibi, ile ndoo ni ya nini? Baba alikuwa akimlaza nani?" Nikajua kwamba Kombo hakuwahi kuwasimulia. Nilimjibu kwa kifupi, kwa kuwa watu walikuwa wanasubiri chakula, na jibu fupi halikumtosha wala halikunitosha mimi. Sura hii ni jibu refu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu garimoshi lifike Morogoro. Mimi nilikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini, fundi wa vikapu vya mianzi, nimeshuka kutoka mlimani na kupanga kwa Bi Mwasiti, mjane aliyekuwa na nyumba ya vyumba vitatu karibu na mto. Juu kidogo ya kwetu, mahali ardhi inapoanza kupanda kuelekea Uluguru, palikuwa na nyumba ya bati ambayo Mdachi mmoja aliikodi. Hakuwa mtu wa boma wala wa mashamba. Alikuwa daktari wa elimu ya wanyama, alikuwa amefanya kazi pwani mpaka homa ikamlaza, na wenzake wakamwambia apande huku kwenye hewa ya baridi. Alikuja na masanduku kumi na manne ya chupa. Mji mzima ukamwita Bwana Chupa, naye alipolisikia jina hilo alilipenda. Chumba chake cha kazi kilikuwa kirefu, madirisha upande wa kaskazini, meza moja katikati, na rafu ambazo miguu yake ilisimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili siafu wasipande. Ukifungua mlango ulipokewa na harufu ya spiriti, kali kiasi cha kukutoa machozi siku ya kwanza. Siku ya kumi huisikii, na siku ya ishirini unaisikia kwenye ugali wako mwenyewe.

Nilikwenda pale kumpelekea vikapu sita vya kufungashia chupa. Alikichukua kimoja, akakipindua kitako juu, akaanza kuhesabu mbavu zake kwa ncha ya kidole kilichokuwa kikitetemeka. Homa na dawa zake vilimwachia mikono isiyoweza kushika wembe wala kuchora mstari ulionyooka. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka mno, kama mtu anayesoma barua, "Unajuaje mahali pa kuongeza ubavu?" Nikamweleza. Kikapu cha duara unakianza katikati kwa jozi sita za mbavu. Ukisuka kwenda nje, nafasi kati ya jozi na jozi inapanuka, ufito unalegea. Hapo unachomeka jozi mpya katika kila nafasi, sita nyingine, zisizofika katikati. Ukiendelea, nafasi zinakuwa kumi na mbili, unachomeka kumi na mbili fupi zaidi. Bwana Chupa alinitazama kwa muda, kisha akaleta sahani yenye kipande cha kitu cheupe, kimekatwa kwa mkato wa kukingama kama bamia. "Hesabu hiki," akasema. Nikahesabu jozi sita zilizofika katikati, sita zilizoishia njiani, na kumi na mbili fupi kabisa. Nikamuuliza ni nani aliyekisuka.

Kilikuwa ni anemoni wa bahari. Mimi bahari nilikuwa sijaiona, kwa hiyo nilijifunza mnyama huyu kama ninavyotaka nimweleze msomaji, pole pole, kutoka chini kwenda juu. Ukimwona kwenye mwamba utadhani ni ua, lakini ni mnyama, na mwenye njaa. Hana kichwa wala mgongo. Chini ana kitako kinachong'ang'ania jiwe. Juu ya kitako kuna kiwiliwili, ambacho ni mfuko mtupu. Juu ya mfuko kuna uso wa duara, kinywa katikati, na kuuzunguka uso kuna minyiri, ile mikono laini inayowasha na kukamata windo. Chini ya ukingo wa uso unapita msuli wa mviringo. Akiguswa anaukaza, na mfuko wote unajifunga kama mkoba uliovutwa kamba. Kutoka kinywani linashuka koo, limening'inia ndani ya mfuko kama mkono wa kanzu uliosukumwa ndani. Na kati ya koo na ukuta wa mwili vimesimama viambaza, vyembamba kama utando wa yai, viwili viwili. Vinavyotoka ukutani na kulishika koo huitwa kamili. Vingine havifiki. Ndani ya vyumba vinavyogawanywa na viambaza hivyo ndimo mnyama anamosaga chakula chake, na kwenye viambaza vyenyewe ndipo yanapoota mayai. Ni nyumba nzima, msomaji wangu, ndani ya kitu kinachoenea kiganjani.

Kazi ya Bwana Chupa ilikuwa kuwapanga hawa ukoo kwa ukoo na kuwaandika kitabuni. Wengi wa waliokuwa rafuni walikuwa wa jamaa moja kubwa, ile yenye kitako cha kushika mwamba, msuli wa mviringo chini ya ukingo, na viambaza vinavyokwenda kwa sita. Lakini ndani ya jamaa mna matawi, na tawi hulijui kwa rangi. "Rangi ni nguo," alikuwa akisema. "Mnyama huyo huyo ni kijani kwenye jua na kahawia pangoni. Fungua, hesabu, ndipo useme." Nadhani alitarajia nibishe. Sisi Waluguru tungebishaje? Kwetu mtoto anaweza kuchukua pua ya baba yake na mwendo wa baba yake, na ukoo wake ukawa wa mama, usioonekana usoni hata kidogo. Nilimwambia hivyo. Akaandika maneno yangu pembeni mwa karatasi, na kuanzia kesho yake nilikuwa na kiti mezani. Nilikata kwa wembe, nikalaza kipande juu ya ubamba wa ulanga, yale mawe maangavu yanayochimbwa milimani kwetu na kubanduka kama kurasa, nikakifunika kwa ubamba mwingine, nikakishika kwenye mwanga wa dirisha na kuchora. Karani mmoja aliyenitangulia alirudishwa kwao kwa sababu michoro yake ilikuwa mizuri kuliko wanyama wenyewe. "Jicho likikosea nitasamehe," Bwana Chupa aliniambia siku ya kwanza. "Mkono ukidanganya, hapana."

Na Kombo? Kombo ndiye aliyewatoa wote baharini, kisha akapanda nao Morogoro kuzitunza chupa. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya kupiga mbizi, na ufundi wake ulikuwa wa aina yake. Anemoni ukimtia kwenye spiriti yu macho, anajikunja kuwa kidonge na hutaona kitu ndani. Kombo aliwaweka kwenye ndoo ya maji ya bahari, akawaacha wafunguke, kisha akawadondoshea chumvi ya haluli, ile ya kuendesha tumbo, kwa mrija, tone kwa tone, kwa muda wa saa tatu au nne, akiwabembeleza, mpaka wakalala hali minyiri imenyooka. Alipogundua kwamba mimi ni Mluguru alifurahi kama mtu aliyeokota kitu chake. "Watu wa mlimani!" alinipokea. "Nasikia mnalala mmejifunga kamba kwenye nguzo msije mkabingirika mpaka stesheni." Nikamjibu, "Afadhali sisi. Nyinyi mkilala juani jasho linakauka, wake zenu wanakwangua chumvi ya mboga." Saa sita tulikula pamoja ukumbini, ugali na maharage, siku nyingine ndizi za kupika nilizotoka nazo kwa Bi Mwasiti, na Kombo hakuacha kuzichunguza. "Zimenyooka hizi. Ndizi ya mlimani inatakiwa ipinde, ishike mteremko." Bwana Chupa, aliyekula mayai yake mawili ndani peke yake, tulimsikia akicheka.

Kulikuwa na chupa moja ambayo Kombo aliitenga na nyingine. Mnyama wake alikuwa mmoja tu, kijani chenye vumbi, kiwiliwili kimejaa vipele vilivyopangwa kwa mistari, kwa macho sawasawa na wanyama kumi waliokuwa chupa za jirani, ambao wote niliwakuta na jozi kumi na mbili kamili. Kombo alikataa. "Huyu si wa kwao," alisema, akanionyesha kifundo cha mkono chenye kovu jekundu la duara. "Wale wengine wananiwasha, najikuna, naendelea. Huyu nilimchomoa kwenye shimo la mwamba, nikalala siku mbili. Na kwenye shimo lile wapo wenzake, sikuona wa aina nyingine." Bwana Chupa alimsikiliza kila mara kwa adabu. Kuwasha hakukuwa hesabu. Akaniambia nimkate.

Nilimkata asubuhi, kwa kukingama, pale koo lilipo. Nikakiweka kipande kwenye ulanga na kuhesabu viambaza kamili. Jozi kumi. Nikageuza, nikahesabu tena, kumi. Sasa nataka unielewe vizuri, kwa sababu nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote. Mtu wa kwetu akinunua kikapu sokoni hukipindua na kuhesabu mbavu, na kikapu chenye mbavu pungufu huinama upande, na aliyekisuka huchekwa kwa jina. Kwa hiyo ubavu ukikatika katikati ya kazi, fundi hasimami kufikiri. Kidole kinachomeka mwingine kabla jicho halijakamilisha kuona. Mimi nilifundishwa hivyo tangu vidole vyangu havijakaza. Nilipoona kumi nilijiambia wembe wangu umeng'oa jozi mbili, nikaona haya ya fundi aliyeharibu kazi, na mkono wangu ukazirudisha, moja upande huu na moja upande ule, mahali ambapo zingekaa vizuri. Mchoro ukatoka na jozi kumi na mbili, umetulia kama kitako cha kikapu kipya. Kombo akachungulia begani kwangu. "Ngapi?" "Kumi na mbili," nikasema. "Kama wenzake." Akajikuna lile kovu. Akaitazama chupa.

Siku mbili baadaye nilikuwa nyuma ya nyumba nikiosha mabamba ya ulanga, na dirisha lilikuwa wazi. Sauti ya Bwana Chupa haikupanda hata mara moja. "Kombo, umechanganya chupa." "Sikuchanganya, bwana." "Unasema shimo jingine, mnyama mwingine. Ndani ni yule yule, jozi kumi na mbili. Basi huyu alitoka mahali pamoja na wale, na wewe umesahau. Kama umesahau hii, nitajuaje kwamba hukusahau nyingine? Mahali palipoandikwa kwenye chupa zako zote mia na zaidi ni neno lako tu." Kisha Kombo: "Neno langu ndilo nililo nalo, bwana." "Najua. Ndiyo maana mwisho wa mwezi urudi kwenu. Sina hasira. Lakini siwezi kuandika kitabu nikiegemea neno hilo." Maji yalikuwa yananimwagikia miguuni na sikuyahisi.

Saa sita tulikaa kula kama kawaida. Nikamtania mimi kwanza, nikamwambia maharage yale yamepikwa kwa maji matamu, asije akaugua. Alitabasamu, akasema, "Ahsante, Zena." Mtani wangu hakuwahi kuniita jina langu. Tangu nifike mahali pale nilikuwa "Bi Mteremko", "Mke wa Nyani", "Kamba Mguuni". Siku ile nikawa Zena, na siku iliyofuata pia, akaniuliza hali ya Bi Mwasiti kwa heshima kama mtu anayemuuliza jirani. Angenitukana ningeweza kuvumilia. Nikapoteza hamu ya kula. Bi Mwasiti, aliyekuwa mkali kuhusu chakula chake, aliona sahani inarudi imejaa. Nikamweleza yote, tukiwa jikoni, yeye akichambua mchele. Akacheka kwanza. "Dude limekufa, limelowekwa pombe, unalikata, halafu unalililia?" "Silii dude." "Basi sikia. Huyo Mzaramo ana kwao, ana mke, ana bahari yake. Wewe ukifukuzwa pale unarudi kuchanja mianzi mpaka uote kibiongo. Nyamaza tu. Nani atahesabu tena?" Akapuliza makapi. Baadaye kidogo, bila kuniangalia, akaongeza, "Ila kama ungekuwa wa kunyamaza usingeniambia mimi."

Kesho yake nilifika mapema, nikakitoa kile kipande mahali nilipokihifadhi kati ya mabamba mawili. Safari hii sikuhesabu viambaza. Nilitazama mahali palipokuwa tupu, zile nafasi mbili ambazo mkono wangu ulizijaza. Ubavu ukichomoka kwenye kikapu huacha tundu. Na kiambaza kikichanwa na wembe lazima kiache kisiki ukutani, ukingo, uzi, chochote. Niliangalia kwa lenzi mpaka jicho likatoa maji. Ukuta ulikuwa laini kama ndani ya ganda la yai. Hapakuwahi kuwa na kitu pale.

Bwana Chupa alikuwa bado na kikombe chake cha kahawa nilipoingia na sahani, wembe, na nusu ya pili ya mnyama. Kombo alikuwa mlangoni akifunga masanduku yake, nikamwomba aje. Nilisema kabla sijakaa, maana nilijua nikikaa nitaanza kutafuta maneno mazuri. "Mchoro wa chupa ya Kombo si wa kweli. Mnyama ana jozi kumi. Mbili nimeziongeza mimi." Bwana Chupa akaweka kikombe. "Umeziongeza." "Ndiyo, bwana. Koo limeshuka chini ya nilipokata, kwa hiyo nusu hii bado inaweza kuonyesha. Nataka niikate mbele yenu." "Ukiiharibu hakuna nyingine," akasema. "Sitaiharibu." Na sikuiharibu. Sijui nguvu ile niliitoa wapi, lakini kiganja changu kilikuwa kikavu na wembe ulipita mara moja. Alikishika kile kipande kwenye dirisha, mkono ukimtetemeka hata ikabidi Kombo amshikie kiwiko, na hao wawili wakahesabu pamoja, mmoja kwa Kidachi na mmoja kwa Kiswahili, wakafika kumi kwa wakati mmoja.

"Kwa nini?" aliniuliza. Nikamweleza habari ya mbavu na kikapu kinachoinama, kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza hadi mwisho. "Karani nilimfukuza kwa kosa dogo kuliko hili." "Najua, bwana." Akazunguka meza mara mbili. Kisha akaanza kutoa maamuzi, moja moja, kama mtu anayepanga chupa. Kwanza, mnyama mmoja si ushahidi. Hata ng'ombe huzaliwa na miguu mitano. "Kombo, shimo lile unalikumbuka?" Kombo akanyoosha kifundo chake chenye kovu. "Mkono unalikumbuka, bwana." Basi aende, alete watano kutoka shimo lile lile, wakiwa kama huyu, neno lake limesimama na chupa zake zote zimesimama nalo. Pili, mchoro wangu wa uongo usichanwe, uwekwe sandukuni pamoja na wa kweli, na sababu iandikwe chini yake. Tatu, michoro yangu yote thelathini na moja niikague upya dhidi ya vipande vyake. "Utakayoniletea wewe na kusema hii si kweli, nitaipokea," alisema. "Nitakayoikuta mimi, utaondoka nayo."

Kombo aliondoka na garimoshi la asubuhi. Nilimsindikiza stesheni na kumbebea ndoo. "Baki salama, Zena," akasema, akapanda. Mvua zikaanza. Ziliposhuka kutoka mlimani huko bati lilipiga kelele kiasi kwamba ndani hatukusikizana, na mwanga wa dirishani ukawa wa kijivu, ikanibidi nisogeze meza na kungoja mapengo ya mawingu. Nilikagua mchoro mmoja kwa siku, siku nyingine nusu. Niligundua njia: nisihesabu kwa kutafuta jumla, bali niweke kidole kwenye kiambaza kimoja na kujiuliza, je, wewe nimekuona? Kama sikukiona, sikukiandika, hata kama pengo lilinikera kama jino lililong'oka. Nilikuta miwili mingine. Katika mmoja nilikuwa nimenyoosha kiambaza kilichopinda. Katika mwingine nilikuwa nimeongeza jozi moja fupi upande wa kushoto, nisikumbuke kabisa nilipoifanya. Nilimpelekea Bwana Chupa yote miwili siku hiyo hiyo. Aliipokea, akaandika chini yake, akasema, "Endelea." Mabega yaliniuma kuliko wakati wowote wa kusuka. Lakini nikwambie, wewe unayesoma na pengine una kazi ya kurudia iliyokushinda: kufikia mchoro wa ishirini nilikuwa sioni tena adhabu. Nilikuwa naona wanyama.

Kombo alirudi baada ya wiki tano, amekonda, kifundo cha mkono wa pili kimefungwa kitambaa. Aliweka ndoo mezani akaondoa kifuniko. Walikuwa watano, wamelala kwa haluli yake, minyiri imenyooka hata mmoja hajajikunja. Bwana Chupa alivuta kiti. Kombo alikataa kukaa. Nikamkata wa kwanza na kuhesabu kwa sauti, kidole juu ya kila jozi: kumi. Wa pili, kumi. Wa tatu, ambaye alikuwa mdogo kama kifungo cha koti, alinichukua muda, naye akatoa kumi. Wa nne, kumi. Nilisikia pumzi ya Kombo nyuma yangu ikianza kulegea. Nikamkata wa tano.

Nilihesabu mara ya kwanza kimoyomoyo nikasita. Nilitafuta kisiki, hapakuwa na kisiki. Pengo lilikuwa upande wa kulia, dogo, mahali ambapo jozi moja ingekaa vizuri kabisa, na mwanaume aliyesafiri wiki tano na kuwashwa tena kwa ajili ya neno lake alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Vidole vilinicheza. Nikaviweka mezani.

"Tisa," nikasema.

"Hesabu tena," Kombo akasema taratibu.

Nikahesabu tena, kwa sauti, nikimwonyesha kila moja. "Tisa, baba. Hapa hakuna kitu."

Bwana Chupa alichukua kipande, akaenda dirishani, akakaa huko mpaka nikaanza kusikia mto. Aliporudi, alivuta kitabu chake akakifungua kwenye ukurasa mtupu. "Wanne wana kumi, mmoja ana tisa, na hakuna hata mmoja mwenye kumi na mbili," alisema. "Si wa tawi la wale. Kombo alisema kweli." Akachovya kalamu, akanitazama juu ya miwani. "Na hiyo tisa ndiyo inayonifanya niziamini zile kumi."

Kombo alikuwa ameinama juu ya sahani, pua inakaribia kugusa ulanga, akilichunguza lile pengo la kulia. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa kwamba analia. Kisha akainua uso, ameshika kiuno kwa mikono yote miwili yenye makovu, akapaza sauti kuelekea ukumbini, kama vile Morogoro nzima ilikuwa imesimama pale ikisubiri habari.

"Njooni muone! Mke wa Nyani ameona tundu, na hakuliziba!"